Hapa Hakuna "Juu Yako"

Haya, nitegulie hiki, wala usikimbilie kunipa mji: mzigo gani huu, kila unayempa anakurudishia kwa tabasamu, na ukifika nao nyumbani umezidi uzito?

Fikiri taratibu, nitakungoja. Nuan alizunguka nao msimu mzima wa baridi bila kujua jina lake, na Nuan si mjinga. Mwanamke anayepika mchuzi wa tambi wa kulisha nusu ya soko la Ko Kha, na akakumbuka nani hali kitunguu na nani ana vidonda vya tumbo, huyo huwezi kumwita mjinga.

Mzigo wenyewe alikabidhiwa hospitalini, siku yeye na mumewe Decha walipokwenda kusikiliza majibu ya damu. Mwaka uliotangulia walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kwanza. Mimba ilifika mwezi wa saba, tumbo likawa kubwa kupita kiasi, miguu ikavimba, presha ikampanda Nuan mpaka macho yakaingia ukungu. Mtoto akazaliwa amevimba mwili mzima na hakulia. Nuan mwenyewe aliponea chupuchupu. Kwa hiyo safari hii, kabla hata ya kutafuta mimba nyingine, wakaambiwa wapimwe wote wawili, na baada ya kupimwa wakapelekwa kwa nesi Waranya, ambaye kazi yake ni kukaa na wanandoa wa namna hiyo na kuwaeleza mambo ya damu za kurithi.

Nesi Waranya alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Akawaeleza kwamba wao wenyewe ni wazima. Ila kila mmoja amebeba kasoro ndogo ya damu aliyoipata kwa wazazi wake, kama watu wengi sana wa kaskazini mwa nchi yao walivyobeba, na haimsumbui. Tabu huja mtoto anapochukua ya baba na ya mama kwa pamoja. Mtoto huyo hana namna ya kutengeneza damu ya kumfikisha duniani, naye humvuta mama yake shimoni. Kila mimba, alisema, ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa hivyo.

Kisha akawafungulia njia zilizopo. Wanaweza kushika mimba kama kawaida, na mapema wachukuliwe maji ya tumboni kwa sindano ndefu, yapimwe, na kama mtoto ameathirika waamue kuendelea au kukatisha. Wanaweza kwenda mji mkubwa wa Chiang Mai, mimba itungwe maabara na madaktari wachague iliyo salama, ila gharama yake Nuan aliisikia mara moja akaacha kusikiliza. Wanaweza kulea mtoto wa ndugu. Wanaweza kubaki wawili.

Nuan alikuwa amevaa sketi yake ya kufumwa, ile ya kwendea hekaluni. Alikuwa amefunga kibanda chake cha tambi siku nzima. Akaunganisha viganja, akainamisha kichwa kwa heshima, akauliza, "Sasa dada nesi, tufanye ipi?"

"Hilo ni juu yenu," akasema nesi Waranya, na akatabasamu.

Nuan akafikiri hajasikia vizuri. Akauliza tena kwa namna nyingine, kwamba watu wengine huwa wanafanyaje. Nesi akasema wengine hivi, wengine vile. Akauliza daktari mkubwa anapenda ipi. Nesi akasema daktari mkubwa hatazaa yeye. Na walipokuwa wanainuka, akawapa swali la kwenda nalo: kila mmoja arudi na jibu lake, alitoe kwa kinywa chake mwenyewe. Mimba ikiingia, na sindano ikasema mtoto ni kama yule wa kwanza, utataka nini?

Njiani, juu ya pikipiki, Nuan alimfokea mumewe mgongoni. Mtu kasoma miaka yote hiyo, amevaa nguo nyeupe, halafu anatuuliza sisi. Mimi mteja akiniuliza kama mchuzi umeiva, namwambia ni juu yako? Upepo ulikuwa mkali, Decha akaitikia kwa kichwa tu. Walipofika getini ndipo Nuan akamshika mkono na kumuuliza polepole. Humwita Pii Decha, yaani kaka Decha, kama mke wa huko anavyomwita mume aliyemtangulia kuzaliwa.

"Pii Decha, wewe unataka nini?"

Decha akaiegesha pikipiki, akalifuta vumbi kwenye kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Juu yako, Nuan."

Neno hilo huko ni adabu. Mgeni akiulizwa atakula nini husema juu yako, asije akamsumbua mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye hujibu juu yako, asije akamlazimisha mgeni. Watu wanaweza kushinda njaa mbele ya jiko linalowaka, kila mmoja akimheshimu mwenzake. Nuan alikua nalo neno hilo, amelisema tangu meno ya utoto. Lakini siku hiyo, pale getini, lilimfikia masikioni kama mtu aliyesema shauri yako, kisha akajifungia chumbani.

Akalipeleka swali kwa mama mkwe. Mama Bunsi alikuwa anakanda wali wa kunata kwa vidole, akausikiliza mkasa wote bila kumkatiza, kisha akasema yeye ni mzee, nyakati zake hazikuwa na sindano, vijana wenyewe wataona, ni juu yao. Akachovya tonge kwenye pilipili, akala, akaongeza kwamba ila mayai ameshayaahidi.

"Mayai gani, mama?"

"Mia. Ya kuchemsha. Pale kwa mzimu wa mlango wa kijiji, mjukuu akija salama."

Kwa hiyo ni juu yao, lakini mayai yako njiani. Na Mama Bunsi alikuwa amepiga na hesabu. Nesi kasema mmoja kati ya wanne, si ndiyo? Basi huyo mmoja ameshakwenda, masikini, amewalipia wenzake. Waliobaki ni watatu, wote wazima, watu wanaogopa nini?

Decha, aliyekuwa anakula pamoja nao, akainua kichwa. Yeye hufanya kazi kwenye kiwanda cha mabakuli, yale ya jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi ambayo kila nyumba inayo, na kazi yake ni kuchora mkia.

"Tanuri halikumbuki, mama," alisema. "Bakuli likipasuka leo, la kesho halijapona kwa sababu hiyo. Kila moto ni moto mpya."

Nuan akageuka kumtazama. Kumbe alikuwa anasikiliza kule hospitalini. Kumbe alielewa, tena vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana hasira ikampanda zaidi. Mtu aelewe hivyo, kisha akae kama gogo?

Alikwenda hata hekaluni. Akapeleka chakula cha asubuhi, akapiga magoti, akamweleza mkuu wa watawa kila kitu, na kule kukatisha mimba akakutaja kwa sauti ndogo sana kwa sababu ya dhambi yake. Mtawa akaweka chakula kando. Akasema uzito wa tendo uko kwenye nia, na nia ya mtu haionwi na mtu mwingine, hata akinyoa kichwa. Yeye hawezi kuingia moyoni mwa Nuan na kumchagulia. Akamnyunyizia maji ya baraka. Nuan akatoka amelowa utosi, mikono mitupu, anahesabu watu aliowauliza na kuona kwamba wamekwisha.

Umeshakitegua? Ni uamuzi. Kila aliyemkabidhi aliurudisha kwa adabu.

Tangu hapo kibanda cha Nuan kikawa mahali pa kwendea kwa tahadhari. Mchuzi wake ni ule mwekundu wa nyanya na maua makavu ya msufi, na ndani yake huwekwa vipande vya damu iliyogandishwa, laini kama maini. Si kila mtu huvipenda, kwa hiyo ni lazima aulize, damu niweke au nisiweke, na tangu afungue kibanda watu walikuwa wakimjibu juu yako, naye akaweka kiasi alichoona sawa. Sasa mtu akilisema tu, upawa unasimama hewani. Muuza vitunguu wa jirani akawatania wateja kwamba leo mje na majibu yenu kutoka nyumbani, mama huyu amekuwa mahakama.

Jumapili moja akaja nesi Waranya, bila nguo nyeupe, na kikapu cha sokoni chenye maboga. Akaketi, akasalimia. Nuan akajaza tambi kwenye bakuli.

"Damu niweke?"

"Juu yako, mdogo wangu."

Nuan akauweka upawa chini.

"Hapa hakuna juu yako," alisema. "Tumbo ni lako. Niweke, nisiweke?"

Nesi akacheka. Kisha akaona kwamba amecheka peke yake. Muuza vitunguu aliacha kumenya.

"Weka," akasema nesi Waranya. "Weka nyingi. Naipenda sana."

"Umeona? Imekuuma mahali?"

Watu wakacheka, Nuan hakucheka. Alimpelekea bakuli, akakaa kwenye kiti cha mbele yake na kitambaa chake cha kufutia meza mkononi, akamuuliza bila kuzunguka: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Nesi alikula kidogo kwanza. Akasema anaweza kumwambia. Ni rahisi, hata sasa hivi, kabla tambi hazijapoa. Lakini neno lake litakwenda kulala nyumbani kwao, kitandani, katikati ya mtu na mumewe, na siku mambo yakiharibika wote wawili watalitazama hilo badala ya kutazamana.

Nuan alitaka kumjibu kwamba katikati ya kitanda tayari pamejaa. Nesi akamuuliza kama mumewe amejibu lile swali.

"Yule? Anasema juu yangu."

"Na wewe jibu lako ni lipi?"

Nuan akafungua mdomo. Akaanza kusema kwamba yeye amekwenda huku, amekwenda kule, amempigia magoti mtawa, amesikiliza habari za mayai. Nesi alimsubiri mpaka habari zikamwishia. Mteja mwingine akaita, Nuan akainuka kwa haraka kama aliyeokolewa, akachota mchuzi na kuumwaga nusu juu ya meza. Alikuwa ameuliza dunia nzima anataka nini yeye. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza mpaka leo, na kumbe jibu hana.

Alirudi nyumbani na hasira aliyoiandaa njia nzima. Decha alikuwa barazani na mabakuli aliyoletewa kuchora jioni, yamepangwa kwenye ubao, majogoo wote wekundu hawana mikia. Nuan alisimama mbele ya mwanga wake.

"Siku ukiniambia juu yako tena, nafunga nguo zangu naenda kwa mama yangu kule Hang Chat. Nakwambia kabisa. Sikuolewa na mwangwi."

Decha akachora mkia. Akachukua bakuli lingine. Nuan akainama akamnyang'anya brashi, rangi nyeusi ikaruka ikamchafua shavuni. Hapo ndipo mwanamume yule alipomtazama, na uso wake haukuwa wa mtu mwenye adabu. Ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Mwaka jana nilikuuliza mimi," alisema. "Wewe ukaniambiaje?"

"Lini?"

"Wodini. Manesi walikuja kuuliza kama mama atamwona mtoto. Nikaingia, nikakuinamia sikioni, Nuan, utamwona? Ukageukia ukutani. Ukasema juu yako."

Nuan alikuwa anakumbuka kila kitu cha siku ile. Rangi ya pazia, mlio wa mashine, mwanamke wa kitanda cha pili aliyekuwa anamenya chungwa. Neno hilo hakuwa nalo. Alilitafuta, akaliona likitoka mdomoni mwake lenyewe, jepesi, kama mtu anavyoulizwa chai au maji.

Decha akaendelea, taratibu, macho kwenye ubao. Alisema aliamua. Aliona presha ya Nuan iko juu, akaona Nuan akimwona mtoto katika hali ile naye atakufa, akawaambia hapana. Akasaini, akambeba mtoto, akamaliza kila kitu peke yake. "Na tangu siku hiyo hujaniambia kama niliamua vizuri au vibaya. Unapika, unanipakulia, unanitilia maji. Hunisemi. Mimi kila siku nangoja uniseme. Kwa hiyo safari hii, Nuan, sitaki. Mwili ni wako, aliyenusurika kufa ni wewe. Kuamua peke yangu kumenitosha mara moja."

Jirani alikuwa anaita kuku wake. Nuan aliketi chini, kwenye sakafu, karibu na mabakuli. Angeweza kusema ulifanya vizuri, Pii Decha, na adabu ingetimia, na wangekwenda kula.

"Nilitaka kumwona," alisema.

Decha akafumba macho. "Basi nilikosea."

"Hukukosea. Hukuambiwa." Akamrudishia brashi. "Niambie sasa. Alikuwaje?"

Ilimchukua muda kuanza, na alianza vibaya, akaeleza kwanza habari za gari na za mlinzi wa hospitali. Kisha akasema alikuwa na nywele nyingi sana, zimelala mbele. Sikio lilikuwa limekunjwa kwa juu, kama la babake Nuan. Vidole vilivimba lakini kucha zilikuwa nzuri, ndogo, zimekamilika. Alimpeleka kwanza kiwandani, akachagua mtungi wenye kifuniko, wa udongo mzuri, akamlaza humo kabla ya kumzika nyuma ya hekalu. Akamchorea jogoo. Ila mkia hakuumaliza, mkono ulikataa. Na mtungi ulikuwa umeshachomwa zamani, rangi ya juu haikupata moto wa kuishikisha. "Mvua ya kwanza itakuwa imeifuta," alisema, na hilo ndilo lililomliza, si mengine.

Usidhani kwamba baada ya hapo walikaa wakaelewana. Walikosana siku ya pili yake kuhusu mayai, Nuan akitaka Mama Bunsi akaiondoe nadhiri, Mama Bunsi akisema nadhiri haiondolewi kama nguo kwenye kamba. Walikosana kuhusu Chiang Mai na kuhusu kuuza pikipiki. Kuhusu swali la nesi, Nuan aliuliza mara nyingine na Decha akatoka kwenda kutazama mvua ambayo haikuwapo. Alichopata Nuan ni kwamba neno lile hakulisikia tena. Alinyamaziwa. Hakujua kama hiyo ni nafuu.

Siku ya kurudi hospitalini walikaa kwenye viti vilevile. Feni ilikuwa inalia juu ya kichwa. Nesi Waranya, safari hii katika nguo yake nyeupe, hakuzunguka. Akawakumbusha swali, akamgeukia Nuan kwanza.

Nuan alisema anataka kujaribu. Anataka mimba, anataka na sindano, mapema iwezekanavyo. Sindano ikisema mtoto ni kama yule, akasema, hapo bado anagonga ukuta. Kuna siku anaamka akiwa tayari kukatisha, anapofika sokoni ameshaghairi. Amefika hapo, hajapita. Akashangaa kwamba nesi hakumlaumu, akashangaa zaidi kwamba kulisema kulimpunguzia kitu mabegani.

Kisha nesi akamgeukia Decha, akamuuliza swali lilelile.

Decha akatazama feni. Akatazama mikono yake, yenye weusi wa mikia ya majogoo kwenye kucha, weusi usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Nuan aliona midomo ya mumewe ikijikusanya, akalijua neno kabla halijatoka, akaukaza mkoba wake mapajani, na moyoni akawa ameshaanza kufunga nguo za kwenda Hang Chat.

"Juu y..." akasema Decha, akakwama.

Nesi hakumsaidia. Nuan naye hakumsaidia.

"Juu yangu na mimi," alisema. "Tujaribu. Na sindano ikisema ni kama yule, nataka tukatishe mapema, hata kama dhambi yake nitaandikiwa mimi. Nataka Nuan arudi nyumbani kwa miguu yake. Na mtoto, kabla sijambeba kwenda naye popote, mama yake atamwona."